Ushuru wa kukoza ngozi kwa taa: unapunguza madhara au unajaza hazina tu? Na mkorogo je, utozwe?

Mleta mada: Bajeti_Mezani

Habari za jioni wadau. Naomba jambo hili tulijadili kwa namna kodi inavyofanya kazi hasa, tusiishie kwenye "serikali inaingilia maisha ya watu" na "afya kwanza".

Tangu tarehe 1 Julai 2010 Marekani inatoza ushuru wa asilimia 10 kwa anayelipia kulala kwenye kitanda chenye taa za UV (mionzi kama ile ya jua inayounguza ngozi) ili ngozi yake ikoze rangi. Ushuru huo uliingizwa ndani ya sheria ya bima ya afya ya Obama, na hoja zilikuwa mbili kwa pamoja: taa hizo zinaleta saratani ya ngozi, na sheria ya bima ilihitaji fedha. Hapo ndipo ninapokwama. Ushuru ukiwazuia watu, fedha hazipatikani. Fedha zikipatikana, ina maana watu bado wanalala kwenye taa. Sasa serikali inayotoza starehe inayodhuru inataka lipi?

La pili, huku kwetu vitanda hivyo si jambo la kila mtaa, ila tuna mkorogo, ambao ni kitu hicho hicho kilichopinduliwa. Kule mtu analipa ngozi ikoze, huku analipa ichubuke, na wote wawili wanaumia kwa kitu ambacho mwili haukukihitaji. Mwaka 2019 Tanzania iliweka ushuru kwenye nywele bandia, asilimia 25 kwa zinazotoka nje na 10 kwa zinazotengenezwa ndani. Wigi halimdhuru mtu figo. Je, isingekuwa busara zaidi kutoza krimu za kuchubua? Na kama ni kutoza, iwe asilimia ya bei au kiasi maalumu?

Wenye uelewa wa ushuru na wa ngozi, karibuni.

---

Mizani_ya_Ushuru

Mkuu, ukitaka kujua serikali ilitaka nini, acha hotuba, angalia kodi imefungwa kwenye kitu gani. Ikifungwa kwenye bei, itafuata bei. Ikifungwa kwenye kiasi cha kile kinachodhuru, itafuata madhara. Ya Marekani imefungwa kwenye bei, na kasoro zake karibu zote zinatoka hapo.

Utaratibu ni huu. Anayebeba mzigo ni mteja, mwenye saluni ni mkusanyaji. Anaongeza asilimia 10 juu ya anachotoza, anaiweka kando, na kila robo mwaka anajaza fomu namba 720 ya mamlaka ya mapato (IRS) na kuzilipa. Siku za mwisho ni 30 Aprili, 31 Julai, 31 Oktoba na 31 Januari. Asipomtoza mteja, deni linakuwa lake. Anayenunua kifurushi cha mwezi anatozwa siku anapolipa, si siku anapolala. Kadi ya zawadi haitozwi inaponunuliwa, kwa sababu bado haijulikani itatumika kwa taa au kwa huduma nyingine. Inatozwa siku inapotumika kwa taa.

Sasa fanya hesabu, na bei hizi ni za mfano. Saluni inatoza dola 8 kwa kipindi kimoja, na dola 30 kwa kifurushi cha mwezi kisicho na kikomo. Anayekuja mara mbili kwa mwezi analipa dola 16 na ushuru wa dola 1.60, yaani senti 80 kwa kila kipindi. Aliyenunua kifurushi akaja mara 20 analipa ushuru wa dola 3 tu. Gawanya kwa 20, unapata senti 15 kwa kipindi. Yaani aliyejichoma mara kumi zaidi ya mwenzake anatozwa chini ya robo ya kile anachotozwa mwenzake kila anapolala. Na akirudi mara ya 21, ushuru wa mara hiyo ni sifuri.

Ushuru wa namna hii haumwambii mtu apunguze. Unamwambia anunue kifurushi, na aliyekwisha nunua kifurushi anataka kukitumia hadi kiishe.

Halafu kuna misamaha. Mmoja ni sahihi kabisa: rangi ya kupuliza na krimu za kupaka zinazokoza ngozi bila mionzi hazitozwi, kwa hiyo anayetaka rangi tu ameachiwa mlango usio na madhara yale. Wa pili ni tiba ya mwanga inayotolewa na mtaalamu wa afya mwenye leseni katika eneo lake la kazi. Huo nao una maana. Wa tatu ndio tundu: ukumbi wa mazoezi. Kitanda kikiwa ndani ya ada ya uanachama, hakitozwi bei yake pembeni, na watu wa nje hawauziwi huduma hiyo peke yake, hakuna ushuru. Taa ni zile zile na ngozi ni ile ile, tofauti ni kwamba pembeni kuna mashine za kukimbilia. Mbunge anayetunga kodi ya madhara halafu akasamehe kwa kuangalia aina ya jengo, ameshasahau alichokuwa anakitoza.

Mapato yalionyesha hivyo. Makadirio ya bunge lao yalikuwa dola bilioni 2.7 kwa miaka kumi. Miaka ya mwanzo makusanyo hayakufika dola milioni 100 kwa mwaka. Wakaguzi wa mamlaka ya kodi waliripoti mwaka 2011 kwamba marejesho yaliyokuja yalikuwa kama 10,300 kwa robo mwaka, wakati ilitarajiwa biashara zinazohusika zifike hadi 25,000. Wengi ni wafanyabiashara wadogo wenye kitanda kimoja au viwili kwenye saluni ya kucha au ya nywele. Hawajawahi kujaza fomu ya ushuru wa bidhaa, na hakuna aliyewaorodhesha kabla kodi haijaanza. Kodi inayoanza kabla daftari la walipaji halijatengenezwa huanza na mashimo, na hilo ni kosa la mtunga sheria kabla ya kuwa kosa la mlipaji.

Swali lako la kwanza lina jibu kwenye historia yake pia. Rasimu ya awali ya Seneti haikutaja taa. Ilitaka asilimia 5 ya gharama za upasuaji wa urembo. Madaktari na watengenezaji wa dawa wa fani hiyo wakapinga kwa nguvu, na Desemba 2009 kipengele kikafutwa, ushuru wa taa ukawekwa mahali pake. Kwa hiyo kwanza lilikuwepo pengo la fedha, kisha akatafutwa wa kulijaza ambaye sauti yake ni ndogo. Hoja ya afya ilikuwa ya kweli, lakini si hiyo iliyoandika kiwango.

---

Ngozi_na_Kivuli

Namuunga mkono Mizani. Niongeze upande wa dozi, kwa sababu watu wengi wanadhani kitanda cha taa ni jua lililopunguzwa makali.

Mionzi ya UV ina aina mbili zinazotuhusu hapa, UVA na UVB. Taa hizo hutoa zaidi UVA, na UVB asilimia chache. Ulaya imeweka kikomo cha wati 0.3 kwa mita ya mraba, baada ya kupima mionzi kwa uwezo wake wa kuunguza ngozi. Namba hiyo ni sawa na kielezo cha UV cha 12, yaani jua la saa sita mchana siku isiyo na mawingu karibu na ikweta. Ngozi nyeupe inayoungua haraka huanza kuwa nyekundu ikipokea kama jouli 250 kwa mita ya mraba. Gawanya 250 kwa 0.3, unapata sekunde 833, dakika 14 hivi. Kipindi cha dakika 20 kinampitisha huyo mtu kwenye mstari wa kuungua hata kama mashine iko ndani ya kikomo. Na wapo wenye ngozi ya aina ya kwanza, wekundu wa nywele wenye madoadoa, ambao hawakozi kabisa. Wao huungua tu, wanarudi wiki inayofuata wakitumaini safari hii rangi itashika.

Kuna jambo la kiufundi linalowaunguza wateja bila mtu kukusudia. Taa huchoka kadiri saa za matumizi zinavyoongezeka. Mwenye saluni akizibadilisha zote kwa mkupuo, au akaweka za aina isiyolingana na zile zilizokuja na kitanda, dakika 12 ambazo juzi zilipita salama leo zinachoma. Ndiyo maana huko Ulaya taa hupewa namba ya ulinganifu, na fundi anatakiwa kuisoma kwenye bomba la taa kabla ya kufunga. Saluni inayobadilisha taa lazima ishushe dakika siku hiyo hiyo.

Kuhusu saratani, shirika la utafiti wa saratani la WHO (IARC) liliviweka vitanda hivi kwenye kundi la 1 mwaka 2009, kundi moja na moshi wa sigara. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja umeonyesha kuwa anayeanza kabla ya miaka 35 anaongeza hatari ya melanoma (saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi) kwa kati ya asilimia 59 na 75, kutegemea uchambuzi upi. Umri wa kuanza ndio wenye uzito. Hapa ushuru wa senti 80 hauna la kusema, kinachosema ni marufuku ya umri. California iliwafungia wote walio chini ya miaka 18 kuanzia Januari 2012. Uingereza nayo ilitunga sheria ya umri mwaka 2010.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Brazil ilipiga marufuku vitanda vya urembo mwaka 2009. Australia majimbo yake mengi yalifunga biashara hiyo mwishoni mwa 2014. Huko Clare Oliver wa Melbourne, aliyefariki kwa melanoma mwaka 2007 akiwa na miaka 26, alitumia wiki zake za mwisho kuwaonya vijana wenzake kuhusu taa hizo hadharani. Nchi yenye jua kali na watu weupe wengi haikuona sababu ya kuongeza jua la kununua.

Na msidanganyike na hoja kwamba vitanda hivi vinampa mtu vitamini D. Ngozi huitengeneza kwa UVB, na kitanda kinatoa UVA kwa sehemu kubwa. Mwaka 2010 tume ya biashara ya Marekani (FTC) ilikichukulia hatua chama cha wenye biashara hiyo kwa matangazo ya kupotosha kuhusu afya, likiwemo suala la vitamini D na saratani.

Sasa mkorogo. Mkuu Bajeti, hapa nakuomba usichanganye. Kodi inahitaji kitu cha kushika. Kwenye taa kuna dakika. Kwenye soda kuna gramu za sukari. Kwenye sigara kuna idadi ya sigara. Mkorogo jina lake lenyewe linakwambia: umekorogwa. Bomba moja la krimu ya clobetasol, ambayo ni dawa ya ngozi yenye steroidi kali, kopo la haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), losheni ya kawaida ya kuongezea wingi, wakati mwingine sabuni yenye zebaki iliyokwanguliwa. Unachanganywa kwenye bakuli la plastiki, unapakwa mwili mzima. Dozi haipo popote. Utaitoza nini?

Madhara yake hayafanani na ya taa. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, michirizi inatokea mapajani na kwapani, na kidonda cha upasuaji kinachelewa kufunga. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inarudisha weusi wa rangi ya buluu na majivu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, na huo hauondoki kirahisi. Zebaki inakwenda kwenye figo, na mama anayenyonyesha hajidhuru peke yake. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, awali uliruhusu kipodozi kiwe na chini ya sehemu moja ya zebaki kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa hata hiyo, vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025.

Hiki ni cha kupiga marufuku, na tayari kimepigwa marufuku. Ukiweka stempu ya kodi kwenye kopo, mnunuzi wa Kariakoo au wa River Road, Nairobi, ataisoma kama kibali.

---

Bajeti_Mezani

Asanteni sana, hesabu ya kifurushi imenifungua macho. Ila bado kuna wanaosema mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya ngozi yake, na kwamba kodi za namna hii humkaba maskini wakati tajiri anaendelea na starehe yake. Hilo mnalijibuje? Na kama marufuku tayari ipo kwenye mkorogo, mbona uko kila soko?

---

Mlipakodi_Makini

Mimi nitaingia kwa upande wa wanaopinga, maana hoja yao inastahili kusikilizwa kwa uzito wake.

Kodi ya starehe inashindwa kirahisi mno pale mnunuzi anapoweza kuvuka mpaka. Jimbo la New Jersey, Marekani, lilitoza asilimia 6 kwenye upasuaji wa urembo tangu Septemba 2004. Upande mmoja kuna New York, mwingine Philadelphia, na mgonjwa wa upasuaji wa pua yuko tayari kuendesha gari saa moja. Mapato yakawa chini ya makadirio, na wakaipunguza hatua kwa hatua kuanzia 2012 hadi ikafika sifuri mwaka 2014.

Denmark ni mfano mkali zaidi, kwa sababu wao walifuata ushauri ule ule wa Mizani, wakafunga kodi kwenye dutu. Tarehe 1 Oktoba 2011 walianza kutoza krona 16 kwa kila kilo ya mafuta mazito (saturated fat, kama ya siagi) yaliyomo kwenye chakula, kwa vyakula vyenye zaidi ya asilimia 2.3. Pakiti ya siagi ya gramu 250 ina mafuta hayo takriban nusu, yaani gramu 125, kwa hiyo krona 2 kabla ya VAT. Kwa siagi hesabu ni nyepesi. Sasa fanya hiyo hiyo kwa biskuti yenye siagi, mafuta ya mawese na unga wa maziwa, iliyotoka nje bila mchanganuo. Kila kiwanda na kila muagizaji alilazimika kurudi kwenye resipe. Wanunuzi nao wakaenda Ujerumani na Sweden. Kufikia 1 Januari 2013 kodi ilikuwa imeshafutwa.

Tukirudi kwetu, mpaka wa Namanga, wa Tunduma, wa Mutukula, ni rahisi kuvuka na kopo la gramu 100 kuliko Mdenishi na katoni ya siagi. Bidhaa ndogo, nyepesi, yenye bei kubwa kwa uzito wake ndiyo inayopita kwenye begi la nguo bila mtu kuiona. Nywele bandia zinakamatwa forodhani kwa sababu zinakuja kwa makontena na zina kifungu chake, 67.04, ambacho hakibishaniwi. Krimu haina sifa hizo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ni haki kutoza?", uliza kama kodi itakusanywa. Kodi isiyokusanywa inamkaba muuzaji mwaminifu peke yake, naye ndiye aliyekuwa na lebo, risiti na anwani. Huyo akifunga duka, mteja anahamia kwa asiye na vyote vitatu.

---

Mizani_ya_Ushuru

Mlipakodi, hoja ya Denmark naikubali, na nafurahi umeileta. Dutu peke yake haitoshi. Lazima dutu iwe moja, ipimike kwa kifaa kimoja, na idadi ya watengenezaji iwe ndogo. Mafuta mazito yamo kwenye maelfu ya vyakula. Sukari kwenye vinywaji imo kwenye viwanda unavyoweza kuvihesabu.

Tazama Afrika Kusini, Aprili 2018. Gramu 4 za kwanza za sukari kwa kila mililita 100 hazitozwi. Kila gramu inayozidi ilianza kwa senti 2.1. Kinywaji chenye gramu 10 kina ziada ya gramu 6 kwa mililita 100, yaani 60 kwa lita, sawa na senti 126: randi 1.26. Kiwanda kikishusha sukari hadi gramu 5, ziada inakuwa 10 kwa lita, ushuru senti 21. Kimeokoa randi 1.05 kwa kila lita kwa kubadilisha mchanganyiko, na mnywaji amepunguziwa nusu ya sukari bila kuombwa chochote. Uingereza nayo ilitangaza yake 2016, ikaanza kutoza Aprili 2018: peni 18 kwa lita kuanzia gramu 5, peni 24 kuanzia gramu 8. Ile miaka miwili ya kusubiri ilifanya kazi kubwa, kwa sababu viwanda vingi vilishusha sukari kabla ya siku ya kwanza kufika.

Hapo ndipo lipo jibu la fumbo lako la mwanzo, Bajeti. Kodi inayofuata dutu haimtaki mtu aache kunywa. Inamtaka mtengenezaji aitoe sumu. Mapato yakishuka kwa sababu sukari imeshuka, kodi imefaulu, na waziri anayejua hivyo hapangi mishahara ya walimu kwa kutegemea fedha hizo.

Kuhusu maskini, Mexico ilitoza peso 1 kwa lita mwaka 2014. Ununuzi wa vinywaji vilivyotozwa ulipungua kama asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na 9.7 mwaka wa pili, na kaya za kipato cha chini ndizo zilizopunguza zaidi. Anayepunguza halipi. Mzigo unabaki kwa asiyepunguza, na ni kweli kuna maskini miongoni mwao. Kwa hao, dawa ni kuona fedha zinarudi kwao kwa njia inayoonekana.

Na haki ya mtu mzima siipingi. Ndiyo maana kwa mtu mzima nasema atozwe, asifungwe, mradi kitu kiwe na dozi inayojulikana na yeye ameambiwa. Zebaki iliyofichwa kwenye sabuni haimpi mtu nafasi ya kuamua.

Kama ningekuwa naandika upya ushuru wa taa, ningefanya hivi: ningesajili vitanda vyote kwanza, pamoja na vya kwenye kumbi za mazoezi, kila kitanda namba yake. Kitanda tayari kina kipima muda, ni sharti la kisheria. Basi ushuru uwe kiasi maalumu kwa kila dakika iliyowaka, tuseme senti 20, kipindi cha dakika 10 kiwe dola 2. Mwenye kifurushi akija mara 20 atalipa dola 40, na mara ya 21 itamuuma kama ya kwanza. Marejesho ya robo mwaka yalinganishwe na saa za taa, kwa sababu taa zina maisha yake na risiti za kununua mpya haziongopi: aliyenunua taa za saa 800 na akaripoti saa 200, mkaguzi anajua pa kuanzia. Kiasi kipandishwe kila mwaka kwa mfumuko wa bei, la sivyo baada ya miaka kumi kitakuwa kimeyeyuka.

---

Ngozi_na_Kivuli

Nimalizie swali la mkorogo kuwa kila soko, kisha niseme jambo moja ambalo sijaona mtu akiligusa.

Marufuku inashindwa pale inapokuwa ya kukamata makopo tu. Afrika Kusini mwaka 1990 ilikataza haidrokwinoni kwenye vipodozi, na ikakataza pia matangazo yanayodai kung'arisha ngozi. Hilo la pili ni muhimu sawa na la kwanza, kwa sababu neno kwenye lebo unaweza kulikamata kwa macho bila maabara. Tanzania udhibiti wa vipodozi ulihama kutoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kwenda TBS (shirika la viwango) mwaka 2019. Mkaguzi sokoni anahitaji kujua cha kutafuta: lebo yenye maneno kama calomel, mercuric, mercurous au Hg, onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha, alumini au mpira, maana zebaki inashambulia metali, krimu yenye rangi ya kijivu, kopo lisilo na orodha ya viungo. Kifaa cha mkononi cha XRF, kinachotumia eksirei, kinapima zebaki palepale bila kusubiri sampuli isafirishwe. Haidrokwinoni na steroidi hakioni, hizo zinahitaji maabara, kwa hiyo kopo kutokuwa na zebaki hakumaanishi kuwa liko salama.

Na famasi zisiachwe. Clobetasol ni dawa halali ya ugonjwa halali. Ikiuzwa bomba sita kwa mtu mmoja bila cheti cha daktari, hapo ndipo bakuli la mkorogo linapoanzia.

Jambo ambalo halijaguswa ni hili. Wapo watakaosema "basi tutoze krimu zote za ngozi zinazoingia, tusihangaike na maabara". Krimu hizo ziko kifungu cha 33.04 cha forodha. Kisome kifungu hicho hadi mwisho: kinataja pia losheni za kukinga jua. Ukiweka ushuru kwenye 33.04 nzima, umemtoza mtu mwenye ualbino kwa kitu kinachomkinga na saratani ile ile ambayo Wamarekani walikuwa wanaitoza kwenye taa. Kwake losheni si urembo. Mtoto mwenye ualbino anayesoma shule Shinyanga au Mwanza anaihitaji usoni, masikioni, shingoni na mikononi kila siku, na kuirudia anapokaa juani, pamoja na kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu. Masikio na shingo ndizo sehemu zinazosahaulika, na vidonda vya mwanzo mara nyingi vinaonekana hapo hapo.

Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Malighafi zake nyingine zinatoka nje. Kwa hiyo yeyote atakayeandika ushuru wa vipodozi, aandike na msamaha kwa majina: losheni za kukinga jua, na malighafi za kuzitengeneza. Na fedha za kodi yoyote ya starehe ya ngozi, kama zipo, zianzie kununua makopo hayo.